Mwaka Ulioandikwa kwenye Chupa: Mvinyo wa Bourgogne na Madaftari ya Beaune

Kiswahili kina maneno mawili yanayotumika sana kwa kinywaji kinachotokana na zabibu. Mvinyo ni neno tulilolipata kwa Wareno. Divai ni la Wafaransa, kutokana na maneno yao du vin. Kwetu Rwanda hilo la pili ndilo lililoota mizizi, hata katika Kinyarwanda tunasema divayi. Naanza na jambo hili dogo la msamiati kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye mada. Nilikuwa natafuta asili ya neno divai kwa ajili ya kazi ya somo la leksikografia, kitabu kimoja kikanipeleka kwenye kingine, na mwisho wa wiki nikajikuta nasoma kuhusu eneo la mashariki mwa Ufaransa liitwalo Bourgogne. Huko watu wameandika tarehe za kuvuna zabibu kwa zaidi ya miaka mia sita.

Niseme mapema kwamba sijawahi kuonja mvinyo wa Bourgogne, na bei zake zikibaki zilivyo sitarajii kuuonja. Insha hii si ya ladha. Ni ya historia, na hasa ya swali ambalo kila mwanafunzi wa historia huulizwa mwaka wa kwanza: chanzo kipi tukiamini, na kwa nini?

Kwenye chupa ya mvinyo mzuri wa Ufaransa huandikwa mwaka, yaani mwaka ambao zabibu zilivunwa. Wanunuzi matajiri huutazama mwaka huo kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kuna miaka inayosifiwa na miaka inayosahauliwa, na tofauti ya bei kati yake inaweza kuwa kubwa mno. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba desturi ya kushughulika na mwaka wa mavuno ilianzishwa na wapenzi wa mvinyo. Hoja yangu ni kwamba haikuwa hivyo. Kabla mwaka haujawa sifa ya mvinyo, ulikuwa jambo la hesabu: ujira wa vibarua, zaka za kanisa, faini za baraza la mji. Na hesabu hizo za makarani zimetufundisha mambo ambayo chupa zenyewe haziwezi kutufundisha.

Kwanza eneo lenyewe. Sehemu maarufu ya Bourgogne inaitwa Côte d'Or, na ni mteremko mwembamba unaoanza karibu na mji wa Dijon na kushuka kusini kwa kilomita hamsini hivi, ukipita mji wa Beaune. Mahali pengine upana wa ardhi yenye mizabibu bora haufiki hata kilomita moja. Mteremko unatazama mashariki, hivyo unapata jua la asubuhi. Chini yake kuna mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika kwa viwango tofauti. Zabibu nyekundu ni za aina ya Pinot Noir, na nyeupe ni Chardonnay. Mteremko umegawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na jina lake na mipaka yake. Wenyeji hukiita kila kipande climat, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande 1,247 katika orodha ya urithi wa dunia.

Wanaouza mvinyo hupenda kusema kwamba tabia ya Bourgogne imetokana na udongo. Sikatai, udongo upo. Lakini udongo haukujichorea mipaka. Watawa ndio waliochora sehemu kubwa ya mipaka ile. Abasia ya Cluny ilianzishwa mwaka 910, na ile ya Cîteaux mwaka 1098, zote mbili huko huko Bourgogne. Watawa wa Cîteaux walipewa ardhi kidogo kidogo na waumini waliotaka kuombewa, nao wakanunua nyingine, mpaka wakakusanya shamba la hekta zipatazo hamsini mahali panapoitwa Vougeot na kulizungushia ukuta wa mawe. Ukuta ungalipo. Husimuliwa kwamba watawa walikuwa wakionja udongo kwa ndimi zao ili kutofautisha kipande kimoja na kingine. Hadithi hiyo ni tamu, ila sioni haja ya kuiamini. Walikuwa na kitu bora kuliko ndimi: walijua kusoma na kuandika, na jumuiya yao haikufa. Mkulima wa kawaida alijifunza shamba lake kwa miaka thelathini, akafariki. Abasia ililijifunza shamba lile lile kwa miaka mia saba.

Baada ya watawa walikuja watawala. Tarehe 31 Julai 1395, mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alitoa amri ya kung'olewa kwa mizabibu ya aina ya Gamay katika ardhi yake. Gamay ilikuwa inazaa sana na kuiva mapema, na baada ya tauni kuu ya 1348 kuua watu wengi na vibarua kuwa adimu, wakulima walikuwa na sababu nzuri za kuipenda. Philippe aliuita mzabibu huo mbaya na usio mwaminifu, akadai kwamba mvinyo wake unadhuru watu. Alipiga marufuku hata kutia samadi ya wanyama shambani. Tusisahau kwamba mtawala huyu alikuwa amemwoa binti wa mtawala wa Flandria, na mvinyo wa Beaune ulikuwa zawadi yake ya kisiasa na bidhaa yake ya kujivunia. Ni kweli kwamba alilinda ubora. Ni kweli pia kwamba gharama ya ubora huo aliwatupia wakulima wadogo, waliotakiwa kung'oa mimea iliyokuwa ikiwalisha. Mjukuu wake, Philippe le Bon, alilazimika kutoa makatazo mengine, jambo linaloonyesha kwamba amri ya kwanza haikutiiwa ipasavyo. Tunapoambiwa leo kwamba Pinot Noir ni zabibu ya asili ya mteremko ule, tukumbuke kwamba ilisaidiwa na amri.

Sasa nifike kwenye tarehe, ambazo kwangu ndizo kiini cha jambo.

Katika Bourgogne ya zamani mkulima hakuwa huru kuvuna siku anayotaka. Kila mwaka, zabibu zilipokaribia kuiva, baraza la mji lilituma watu wenye ujuzi mashambani kukagua vishada na kuonja. Waliporudi, baraza lilijadili na kutangaza siku ya kuanza. Aliyetangulia alitozwa faini. Sababu zilikuwa kadhaa. Zabibu zilizovunwa mbichi hutoa mvinyo mkali unaochafua jina la mji mzima. Wenye haki ya kupokea zaka walitaka kuwapo shambani wakati wa kuvuna wasipunjwe. Aidha, watu wote wakivuna kwa pamoja, ni vigumu mwizi kuingia shamba la mwenzake na kudai anavuna lake.

Tangazo hilo liliandikwa. Mjini Beaune, maamuzi ya baraza la mji yanatupatia tarehe kuanzia mwaka 1507 mpaka 1906. Kwa miaka iliyotangulia, tangu karne ya 14, kuna chanzo kingine ambacho binafsi nakipenda zaidi: vitabu vya hesabu vya kanisa la Notre-Dame la Beaune. Kanisa lilikuwa na mashamba ya mizabibu, likaajiri wavunaji kwa siku, na karani akaandika siku walipoanza kulipwa. Hakuwa anaandika historia. Alikuwa anajikinga tu asije akaulizwa fedha zimekwenda wapi.

Wavunaji wenyewe hawakuacha maandishi, lakini si kwamba walikuwa kimya. Katika miaka ya 1390, kaskazini kidogo katika mji wa Auxerre, vibarua wa mizabibu waligombana na waajiri wao juu ya saa ya kuacha kazi. Waajiri walitaka siku nzima mpaka jua lizame. Vibarua walitaka kuondoka mapema, na wengi wao walikuwa na vipande vyao vidogo vya kulima jioni. Kesi ilifika mpaka Paris. Kwa hiyo msomaji anapokutana na safu ya tarehe na malipo katika daftari la kanisa, asidhani anasoma orodha isiyo na uhai. Nyuma ya kila tarehe kuna watu walioinama tangu alfajiri wakiwa na visu na vikapu, na kuna ubishi juu ya kiasi wanachostahili.

Mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie ni miongoni mwa walioonyesha thamani ya tarehe hizi katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya tabianchi. Mantiki yake ni nyepesi. Zabibu huiva kwa kutegemea joto la miezi ya kuchipua na ya kiangazi. Joto likizidi, mavuno yanawahi, likipungua, yanachelewa. Vipimajoto havikuwapo karne ya 14, lakini mzabibu ulikuwapo, na karani alikuwapo. Mwaka 2019 kundi la watafiti wakiongozwa na Thomas Labbé lilichapisha mfululizo wa tarehe za Beaune kuanzia 1354 hadi 2018. Waliulinganisha na vipimo vya joto vya Paris, vinavyorudi nyuma miaka 360 hivi, na kuona kwamba vinakwenda sambamba.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu. Wazee wetu Rwanda wanaihesabu miaka migumu kwa majina ya njaa, na kila mtu wa umri wake aliijua Ruzagayura, ile ya 1943 na 1944. Ukimtajia namba ya mwaka hakuelewa upesi. Ukimtajia njaa alikueleza nani alizaliwa na nani alihama. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya mvua, ila inahifadhi miaka mibaya peke yake. Nguvu ya daftari la Beaune ni kwamba liliandika miaka yote, pamoja na ile ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikumbuka.

Hata hivyo chanzo hiki nacho kina mitego. Tarehe ya mavuno ni uamuzi wa binadamu. Vita, maradhi na uhaba wa vibarua viliweza kuisogeza. Ladha za wanunuzi pia zilibadilika: kuna nyakati wakulima walianza kungoja zabibu ziive zaidi ili wapate mvinyo mzito, na mtu asiyejua hilo anaweza kudhani hali ya hewa imepoa. Le Roy Ladurie mwenyewe alionya juu ya hatari hiyo. Inapendeza kuona namba zikishuka na kupanda kwenye mchoro, lakini kazi ya mwanahistoria ni kuuliza ni nani aliyesogeza kalamu.

Mpaka hapa sijasema lolote kuhusu mwaka kuwa na bei. Hiyo ni kwa sababu kwa muda mrefu haukuwa nayo, au ilikuwa ya kinyume na leo. Katika Zama za Kati mvinyo ulikaa kwenye mapipa, hewa ikapenya, na kufikia kiangazi kilichofuata ulikuwa unaelekea kuwa siki. Mvinyo mpya ulikuwa ghali na wa zamani ulikuwa rahisi. Kilichobadilisha hali hiyo ni chupa ya kioo kigumu na kizibo cha gome la mti, vilivyoenea katika karne ya 17 na ya 18. Sasa mvinyo uliweza kulala miaka kumi, ishirini, hata hamsini, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na maana ya kukumbuka ulivunwa lini. Mwaka 1811, nyota kubwa yenye mkia ilipoonekana angani Ulaya kwa miezi mingi na mavuno yakawa mazuri, wafanyabiashara waliuza mvinyo wa mwaka huo kwa jina la nyota. Miaka mitano baadaye, 1816, baada ya volkano ya Tambora kulipuka Indonesia na kulifunika jua kwa vumbi, zabibu zilichelewa mno na Oktoba ikasonga watu wakiwa bado wanangoja. Mwaka huo wapenzi wa mvinyo hawautaji, lakini daftari limeuandika vizuri kama ule wa nyota.

Mapinduzi ya 1789 yaliyavunja mashamba ya kanisa. Shamba la Vougeot lilichukuliwa na serikali na kuuzwa, na sheria ya Napoléon ya 1804, iliyotaka watoto wote warithi sawa, iliendelea kukata ardhi vipande kizazi baada ya kizazi. Leo ndani ya ukuta ule mmoja wa watawa kuna wamiliki wapatao themanini. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Hivyo ule udogo wa vipande ambao wageni wanaupenda, wakidhani ni siri ya udongo, ni kazi ya wanasheria wa urithi kwa kiasi kikubwa.

Kisha akaja mdudu. Filoksera, kijidudu kidogo kutoka Marekani kinachonyonya mizizi, kiliingia Ufaransa katika miaka ya 1860 na kugunduliwa Meursault, karibu na Beaune, mwaka 1878. Dawa iliyofanikiwa ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Marekani ambayo mizizi yake inahimili. Wengi walikataa mwanzoni, wakiona ni kuchafua damu. Shamba moja lilikataa muda mrefu kuliko karibu yote mengine: Romanée-Conti, kipande kisichofika hekta mbili. Wenyewe waliendelea kuitibu mizizi ya zamani kwa kemikali mpaka Vita Kuu ya Pili ilipofanya dawa na vibarua kuwa adimu. Mwaka 1945 jalidi iliharibu machipukizi, na mizabibu iliyobaki, mizee na migonjwa, ilitoa mvinyo wa kujaza chupa mia sita hivi. Baada ya mavuno hayo yote iling'olewa. Hakuna mvinyo wa Romanée-Conti wa miaka 1946 hadi 1951. Mwaka 2018, mjini New York, chupa moja ya 1945 iliuzwa mnadani kwa dola 558,000.

Bei hiyo inaniudhi kidogo, nakiri. Lakini inaeleweka: kilichonunuliwa si kinywaji, ni mwisho wa jambo. Na pale mwaka unapokuwa na thamani namna hiyo, mtu ataughushi.

Aprili 2008, pia New York, mnada mmoja uliorodhesha chupa za mvinyo wa Clos Saint-Denis zenye jina la familia ya Ponsot, za miaka kati ya 1945 na 1971. Laurent Ponsot, aliyekuwa akiongoza shamba hilo la familia, alisafiri kutoka Bourgogne kuuzuia. Hakuhitaji kuonja. Familia yake ilianza kutengeneza mvinyo wa Clos Saint-Denis katika miaka ya 1980. Chupa ya 1945 isingeweza kuwapo. Chupa ziliondolewa mnadani. Mtu aliyezipeleka, Rudy Kurniawan, alitiwa hatiani mwaka 2013 na kuhukumiwa kifungo cha miaka kumi mwaka uliofuata. Polisi walikuta nyumbani kwake lebo zilizochapishwa na vifaa vya kuchanganyia mvinyo. Kwa miaka kadhaa wataalamu wa kuonja walikuwa wamekunywa mchanganyiko wake na kuusifu.

Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba hati ya kale huhojiwa: nani ameiandika, lini, kwa faida ya nani. Ponsot alifanya hivyo hivyo na chupa. Chupa ilitengenezwa ili iaminiwe na inunuliwe, hivyo ilikuwa na kila sababu ya kusema uongo juu ya mwaka wake. Karani wa Notre-Dame alipoandika kwamba wavunaji wameanza siku fulani, hakuwa na wa kumdanganya isipokuwa mhasibu mwenzake, na wavunaji wangemsuta. Ndiyo maana mimi nikipewa kuchagua kati ya chupa ya 1945 na ukurasa mmoja wa hesabu zake, nitachukua ukurasa.

Ukurasa huo, ukiunganishwa na mingine mamia, unasema jambo linalowahusu watu wa Bourgogne sasa hivi. Kati ya 1354 na 1987, uvunaji Beaune ulianza kwa wastani tarehe 28 Septemba. Ndani ya karne hizo sita kulikuwa na miaka ya joto kali, lakini ilikuja kama wageni, ikaondoka. Kuanzia 1988 hadi 2018 wastani umesogea mbele kwa siku kumi na tatu, na joto ambalo zamani lilikuwa tukio sasa ndilo kawaida. Zabibu ya Pinot Noir, ile iliyolindwa kwa amri ya 1395, ilichaguliwa kwa mteremko wa baridi kiasi, ambapo kuiva kulikuwa jambo la kungoja kwa wasiwasi hadi mwisho wa Septemba. Mwaka 2003 watu wa Beaune walianza kuvuna Agosti, wakati wengi wa wenye mashamba na wavunaji wao walikuwa bado wako likizoni, na ikabidi waitwe kwa simu warudi.